Mama anataka kuzungumzia mazishi yake, sisi wanawe tunamnyamazisha. Nianzie wapi?

BintiFundi

Habari za muda huu wanajukwaa, poleni na majukumu.

Mama yangu ni fundi cherehani mstaafu. Haumwi. Miguu iko sawa, ulimi uko sawa kupita kiasi, macho tu ndiyo yameanza kumtupa mkono. Tangu azikwe rafiki yake wa ujanani, kila tukikaa pamoja anaanzisha: "Mimi nikifa..." Hamalizi. Kaka anamkatiza: "Mama, acha kujitabiria, utatuzika sote wewe." Mdogo wangu anainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Shangazi anadakia Mungu apishe mbali, na habari inaishia hapo. Hebu ifikirieni hiyo faraja yenyewe: eti mama atulie kwa kuahidiwa kwamba atazika wanawe wote!

Wiki hii nimemkuta peke yake na daftari. Akanionyesha ukurasa mmoja, kaandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa: "Hotuba zisizidi tatu. Wasifu wangu asome mtu anayejua kusoma. Msinivishe lile gauni la bluu, linabana kwapani." Nilicheka, naye akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akalifunga. "Mengine siku mtakayokuwa na masikio."

Sasa nina maswali. Nimuulize nini, na kwa namna gani, bila kumfanya ahisi namharakisha? Ndugu zangu nao niwaingizeje? Na je, hilo daftari lina nguvu yoyote, au siku ikifika kaka atafanya anavyotaka? Jambo la mwisho: ana gunia la mabaki ya vitambaa vya wateja wake wa miaka yote, hataki kulitupa, kila mara anauliza tutalifanyia nini. Nahisi ni sehemu ya mazungumzo haya haya ila sijui kwa vipi.

Wale wa "mwombee maisha marefu tu", namwombea kila siku. Naomba leo mpite kimya kimya.

---

ZamuYaUsiku

Dada BintiFundi, mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani nahudumia watu ambao ugonjwa wao hautapona, na kazi yetu ni kuwapunguzia maumivu na kuwafanya waishi vizuri siku walizo nazo. Umeniuliza jambo ninaloishi nalo.

Kinachonisumbua kazini ni saa ya wageni kuondoka. Mchana kutwa mgonjwa kazungukwa na wanawe, wote wanamwambia utapona, naye anaitikia ndiyo, nitapona. Mlango ukifungwa ananishika mkono: "Sista, hivi nani atamwambia mwanangu kuwa lile deni nilishalilipa?" Pande zote mbili zilijua kwamba hatapona. Mama anawalinda watoto, watoto wanamlinda mama, na deni linabaki kwangu mimi nisiyemjua hata mdai. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami naona hata anayeficha mazungumzo humpata hayo hayo.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa hayako mwilini pekee. Yapo ya moyoni, ya kifamilia na ya kiroho, na yote hutibiwa kwa pamoja. Dawa ya maumivu ya mfupa ninayo kabatini. Ya mzazi anayejiuliza kama wanawe watagombana juu ya kaburi lake, sina. Hiyo iko kwenu.

Namna ya kuanza: usiite kikao. Ukiita kikao watakuja na nyuso za kikao. Mama yako macho yamepungua, basi kaa naye umtungie uzi kwenye sindano huku anashona. Watu husema mengi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa hayatazamani. Akisema "mimi nikifa", jibu kwa neno moja tu: "Enhe?" Kisha kaa kimya. Kimya hicho kitakuwasha, kivumilie.

Usimuulize "unataka mazishi ya namna gani", hilo ni pana mno, atakujibu "ya kawaida tu" na utatoka mikono mitupu. Muulize madogo. Nani apigiwe simu kwanza, kabla habari haijafika kwenye makundi ya simu? Nani asishike kipaza sauti hata akiomba? (Hili hujibiwa upesi kuliko yote, utashangaa.) Kuna mtu mliyekosana ambaye ungependa aitwe? Picha gani itumike? Msipochagua nyinyi, mtu atachukua iliyo karibu, mara nyingi ya kitambulisho, mama kakodoa macho.

Na kuna swali ambalo watu huliruka kwa sababu wanakimbilia jeneza: siku ukiwa huwezi kusema, nani aseme na madaktari kwa niaba yako, na ni kitu gani hutaki ufanyiwe? Kabla ya mazishi kuna kuumwa. Nimeona ndugu wakizozana juu ya mashine ya kupumulia huku mwenye mwili hakuwahi kuulizwa hata siku moja alipokuwa mzima.

Kuhusu kaka, mwache kwanza. Usingoje "afike hatua ya kukubali". Hatua tano zinazotajwa kila mahali, kuanzia kukana hadi kukubali, aliziandika daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakufa, wala si ratiba ambayo kaka yako ataifuata ndipo muanze kuongea. Anaogopa. Mpe kazi, atakuja.

---

KaraniWaMahakama

Najibu la daftari. Nimekaa na mafaili ya mirathi muda mrefu, ila elewa kwamba sheria za nchi hutofautiana, kwa hiyo la mwisho muulize wakili wa huko ulipo.

Kwanza kisa, maana nakipenda. Uingereza, kesi ya Williams dhidi ya Williams ya mwaka 1882. Bwana mmoja, Henry Crookenden, aliagiza mwili wake akabidhiwe rafiki yake Eliza Williams, auchome moto, majivu ayatie kwenye chombo cha kauri cha Wedgwood alichokuwa ameshakitaja. Familia ikamzika kaburini. Bibi Williams hakukubali: akaomba kibali cha kufukua kwa kisingizio kwamba anakwenda kumzika upya mahali pengine, akausafirisha mwili hadi Milan, akauchoma, kisha akarudi kuwadai wasimamizi wa mirathi gharama zake. Mahakama ikamnyima. Ikasema maiti si mali ya mtu, hivyo huwezi kuirithisha kwa wosia, na agizo la marehemu juu ya mwili wake haliwafungi wasimamizi. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza zinaegemea huko mpaka leo.

Maana yake kwako, dada: nguvu ya daftari inategemea sana ni nani atakayekuwa msimamizi na kama amelisoma mapema akakubali. Kwa hiyo mama amteue mtu, amwambie, na huyo mtu aseme mbele ya wenzake kwamba amekubali.

Pili, msiyaweke maagizo ya mazishi ndani ya wosia peke yake. Wosia mara nyingi hufunguliwa watu wakishatoka makaburini. Nimeshuhudia familia inasomewa kwamba marehemu alitaka kuzikwa kimya kimya, wakati video ya shughuli nzima iko mtandaoni. Karatasi ya mazishi iwe peke yake, yenye tarehe na sahihi, nakala kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.

Tatu, kama anafikiria kutoa mwili wake kwa chuo cha udaktari, ajaze fomu akiwa hai. Ndugu kusema "alitaka" mara nyingi haitoshi, na hata fomu ikiwepo chuo kinaweza kuukataa, kwa mfano kama kulikuwa na maambukizi fulani au mwili umepasuliwa kuchunguza chanzo cha kifo. Kwa hiyo kuwe na mpango wa pili.

Na ile idhini ya uwakili mnayoitumia kumtolea mama fedha benki, hukoma pumzi inapokoma. Wengi hugundua wakiwa wameshasimama dirishani.

---

MbishiMtulivu

Niruhusuni nipinge kidogo. Mazishi ni ya waliobaki.

Mzee wangu aliacha kurasa kadhaa. Nani akae wapi, wimbo upi baada ya upi, hadi mahali ambapo tunyamaze kidogo. Tulifuata kila mstari kwa sababu tulimheshimu. Matokeo yake hakuna aliyelia. Tulikuwa tunachungulia karatasi kuona kinachofuata. Dada yangu mdogo alitaka kusimama aseme neno, hakuwemo kwenye orodha, akakaa. Mpaka leo hajalisema.

Mama aseme anachotaka, sawa. Lakini kuna mtu amwambie kwa upole kwamba hatakuwepo kusimamia.

---

KaraniWaMahakama

Mbishi, hoja yako nzito, na ya dada yako inauma. Ila kuna maagizo ya aina mbili: yanayowabana waliobaki na yanayowapunguzia mzigo.

Mtazame Askofu Mkuu Desmond Tutu. Alifariki tarehe 26 Desemba 2021, ibada ya mazishi ikafanyika Cape Town tarehe 1 Januari 2022. Alikuwa ameagiza jeneza la bei ya chini kabisa litakalopatikana, pasiwe na mbwembwe, na maua yawe shada moja tu la familia. Likaja jeneza la mbao za msonobari lenye vishikio vya kamba. Sasa niambie, ni nani baada ya hapo angethubutu kuleta la kifahari? Aliwaondolea watu mashindano ambayo wafiwa wenyewe hawawezi kuyakataa bila kuitwa bahili. Hata mwili wake haukuchomwa moto. Ulipitishwa katika maji moto yenye alkali ndani ya chombo cha shinikizo, njia ambayo tishu huyeyuka na mifupa ikabaki ya kusagwa kuwa unga. Kuhusu nani alie na kwa dakika ngapi, sijasikia kwamba aliagiza.

---

ZamuYaUsiku

Hapo nakubaliana na wote wawili. BintiFundi, "hotuba zisizidi tatu" ni agizo jema. Muulize tu kama mtu akisimama wa nne kwa uchungu, afukuzwe?

---

BintiFundi

Asanteni sana. Mrejesho kidogo.

Nimetunga uzi. Hiyo "enhe" ni kiboko, ZamuYaUsiku, nilimeza mate nikisubiri lakini alifunguka. Simu ya kwanza apigiwe mteja wake mmoja wa zamani ambaye sisi hatujawahi hata kumsikia. Jina na namba viko kwenye daftari sasa. Mashine hataki kama hakuna matumaini ya kurudi na akili zake. Wa nne akisimama asifukuzwe, ila "ajue mimi nimechoka kulala pale mbele". Msimamizi kanitaja mimi, na hilo sijui kaka atalipokeaje.

Maana kaka alitukuta. Tulitegemea aanze yale ya kujitabiria. Akasimama mlangoni, akauliza kama katika hizo hotuba tatu yeye yumo. Mama akamwambia inategemea atakavyojiheshimu. Akaondoka ameudhika kwelikweli, na mimi nadhani ndiyo mara ya kwanza ameongea habari hii bila kuikimbia.

Limebaki gunia.

---

SindanoNaUzi

La gunia niachieni mimi, nami ni wa cherehani.

BintiFundi, umewahi kusikia lile blanketi la viraka la kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI Marekani? Wazo lilikuwa la Cleve Jones wa San Francisco. Kila kipande kina upana wa takriban sentimita 90 na urefu wa sentimita 180, kwa makusudi, karibu ukubwa wa kaburi. Wengi wa wale marehemu familia ziliwakana, wengine hata watu wa mazishi walikataa kuwagusa, ikawa kushona jina lao ndiyo heshima waliyopata. Oktoba 1987 walipolitandaza Washington kwa mara ya kwanza lilikuwa na vipande 1,920. Sasa ni kama 50,000. Watu walishona suruali za jinzi za marehemu, wanasesere, vifungo, barua. Na walipolitandaza walisoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Hiyo tu ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe.

Nyinyi hamhitaji kitu kikubwa hivyo. Kinachohitajika ni kwamba mama akiwa hai aseme kila kitambaa ni cha nani. Hiki cha harusi ya fulani, hiki cha sare ya mtoto aliyekuwa hakui, hiki mwenyewe hakurudi kukichukua. Gunia lenyewe halitasema. Atakapokuwa ameondoka mtashona, kila mtu na kipande chake, na yule dada wa Mbishi aliyenyimwa nafasi, watu wa namna yake ndio hupata la kufanya hapo. Kaka asiyependa kuongea mpe mkasi.

Ushauri wa kifundi: muanze na vilivyofifia rangi, hivyo ndivyo macho yake yatashindwa kuvitambua mapema. Mkae dirishani asubuhi, taa ya usiku hudanganya rangi. Jina msiandike kwenye kitambaa chenyewe, wino huchuja kikifuliwa. Andika kwenye kipande cha utepe mweupe, ukishikize pembeni kwa mishono miwili mikubwa, pini zitashika kutu. Vya hariri na vya pamba vitenganisheni tangu sasa, vikishonwa pamoja vya pamba vitarudi kwenye maji na kukunja vingine. Na kabla ya yote hayo lichunguzeni gunia kama limeingia nondo.