Tumelipia ngome mbili, tukaonyeshwa nusu ya moja, kisha tukaachwa matopeni njiani kwenda Siyu

Ndugu zangu, siku tisa zimepita na hasira yangu haijapoa. Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, ili yeyote anayepanga kuwapeleka wazee na watoto wake kutazama ngome za Lamu likizo hii asitumbukie nilimotumbukia mimi.

Mimi ni mkaazi wa Malindi, lakini mama yangu ni mzaliwa wa Siyu, kisiwani Pate. Alitoka huko akiwa mwari aliyeposwa, na tangu hapo hajarudi kuiona ngome ambayo utotoni alikuwa akipita mbele yake kila siku. Nilimwahidi kwamba nikipata likizo mwaka huu ningempeleka. Wakala mmoja wa safari, ambaye simtaji jina kwa kuwa shauri letu naye halijaisha, alikuwa akitangaza ziara ya siku nne aliyoiita ziara ya ngome. Ndani yake mlikuwa na Ngome ya Lamu na Ngome ya Siyu, pamoja na boti, chakula, viingilio vyote na mwongozaji aliyesifiwa kuwa mjuzi wa historia. Nililipa shilingi 14,500 kwa kila mtu, nasi tulikuwa watano: mama, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Kuhusu basi la kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe sina neno.

Ubaya ulianza Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Lamu. Mwongozaji, kijana aliyetoka nasi Malindi, alisimama mbele ya lango la ngome akawaambia watoto wangu kwamba jengo lile lilijengwa na Wareno. Nilidhani ulimi umemteleza, nikamsahihisha kwa upole, naye akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Huyu ni mtu anayelipwa kueleza historia. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo inayobeba jina lake ipo hapa kwetu. Wareno walianza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Ngome ya Lamu ilikamilika karibu mwaka 1821, zaidi ya miaka mia moja baada ya Mombasa kuwatoka Wareno. Ilisimamishwa baada ya vita vya Shela, ambamo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Mazrui waliotawala Mombasa, kisha, kwa kuhofia kulipiziwa kisasi, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, naye akawaletea liwali na askari. Hayo yote yamo katika kumbukumbu za mji, na wazee wanaobarizi pale uwanjani wangemweleza bure lau angewauliza. Nilichukia kwa sababu mtoto wa Pwani anapoambiwa kwamba kila ukuta mnene uliosimama hapa ni kazi ya Mzungu, ananyang'anywa wazee wake mbele ya macho yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeulipia unyang'anyi huo.

Ndani tulikaa dakika ishirini na tano, nilizihesabu. Mwanangu mdogo aliuliza kama ni kweli kwamba hapo palikuwa jela, maana bibi yake alikuwa amemsimulia jamaa yao aliyefungwa humo. Ni kweli kabisa, ngome ile ilikuwa gereza tangu mwaka 1910 hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa makumbusho. Jibu la kijana lilikuwa, "Tupande juu tupige picha." Tukapanda, tukapigwa picha, tukashushwa. Mama hakupewa hata nafasi ya kuketi apumue baada ya ngazi. Baadaye niligundua pia kwamba wakala alitutoza kiingilio cha mgeni kutoka nje ilhali sote ni raia na vitambulisho tulikuwa navyo, jambo ambalo ninalidai kando na hili lililo kubwa zaidi.

Kubwa lenyewe ni Siyu.

Kila mtu wa visiwani anajua kwamba kwenda Siyu kwa chombo ni kwenda na maji. Ngome iko mwisho wa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na maji yakipwa hubaki matope matupu. Siku ile ilikuwa ya pili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua limeshika, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na katika siku kama hizo pwani yetu maji hujaa alfajiri na alasiri, yakapwa kabisa karibu na adhuhuri. Wakala alipanga tutoke gatini saa tatu asubuhi. Mama, mwenye umri wa miaka 74, alisimama pale gatini, akayatazama maji, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, leo ni bamvua na maji yanatoka. Tukiondoka saa hii, Siyu hatufiki." Kijana akamjibu, "Bibi, boti ya mashine haingoji maji." Akacheka, na sisi tukapanda. Nitajilaumu daima kwa kuwa nilimsikiliza yeye nikamwacha mama yangu.

Tulikwama kabla ya saa sita. Boti ililala upande katika matope, na mashine ikazimwa. Hapakuwa na turubai la kutukinga na jua, na maji ya kunywa yalikuwa chupa sita kwa watu saba. Mke wangu alimfunika mama kwa leso mbili. Tulikaa hapo zaidi ya saa tatu, hata ncha ya ukuta wa ngome hatuioni, na yule mjuzi wa historia amejilalia amefunika uso kwa kofia. Aliyewafundisha watoto wangu siku hiyo ni bibi yao. Pale pale katika jua aliwasimulia habari za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na jinsi jeshi kubwa la Seyyid Said lilivyoshindwa hapo mwaka 1844, na kwamba mji ule mdogo haukuwekwa chini ya Zanzibar mpaka mwaka 1863, zama za Seyyid Majid. Alitaka kuyasema hayo akiwa amesimama mlangoni pa ngome, mkono ukutani. Kwa ajili hiyo ndiyo alikuja.

Maji yalianza kurudi, boti ikaelea, na tukashangilia tukidhani sasa tunaingia. Hapo simu ya nahodha ikalia. Wakala aliagiza boti igeuzwe mara moja, kwa kuwa alikuwa ameshaikodisha kwa wateja wengine wa machweo. Tukageuzwa, ilhali maji ya kutufikisha ndiyo kwanza yanaingia! Mama hakusema neno hadi Lamu.

Nahodha simlaumu. Tuliposhuka alinivuta kando akanieleza kwamba saa ya kutoka ilipangwa Malindi, na kwamba aliposhauri tuondoke mchana ili tuingie na maji, aliambiwa kwamba kama hataki kazi wapo wanaoitaka.

Nilipomdai wakala fedha zangu, alinijibu kwa ujumbe mfupi kwamba kupwa na kujaa ni kazi ya Mungu na kampuni haiwajibiki. Sikubali. Upepo wa ghafla ni kazi ya Mungu, na kwa dhoruba nisingemdai hata senti. Lakini kupwa kwa maji kunajulikana siku na saa yake. Majedwali huchapishwa kila mwaka, na mvuvi asiyesoma anaihesabu kwa mwezi. Anayeuza safari ya Siyu bila kutazama mwezi ameuza kitu asichokuwa nacho.

Kwa hiyo ninachodai ni fedha zote za siku ya Siyu kwa watu watano, tofauti ya kiingilio, na ombi la msamaha kwa mama yangu, kwa mdomo, mbele yake, kutoka kwa yule aliyemcheka gatini. Risiti, ujumbe na picha za boti ikiwa imelala matopeni ninazo, na nimempa wakala hadi mwisho wa mwezi kabla sijapeleka malalamiko rasmi. Wengine waliopata kutendewa hivi katika ziara kama hii nawaomba waandike hapa tarehe na saa waliyotolewa gatini, kwa maana hayo ndiyo yatakayoonyesha kama kosa hili ni la siku moja au ni desturi.

Mama amekwisha kuhesabu. Anasema mwezi mwingine ukiandama, maji yatajaa alasiri, tutaingia nayo na tutalala Siyu kwa jamaa zake hadi maji ya siku ya pili. Anayemfahamu nahodha wa Siyu au wa Pate mwenye boti iliyo na kivuli, naomba aniunganishe naye.