Onithopta ya mpira inapiga mabawa vizuri lakini haisongi mbele, shida ni nini?

Mwanzi40:
Habari wakuu. Nina onithopta ya mpira (chombo kinachoruka kwa kupiga mabawa, kikiendeshwa na mpira uliosokotwa), ncha hadi ncha sentimita 40, upana wa bawa kwenye shina, yaani linapoungana na mwili, sentimita 13. Kiunzi ni cha mwanzi, mabawa yamefunikwa nailoni nzito iliyokazwa kama ngoma. Uzito wote pamoja na mpira ni gramu 18. Mkono wa krenki (waya uliokunjwa unaozungushwa na mpira) ni milimita 6, na konrodi (ujiti unaounganisha krenki na bawa) imeshika bawa milimita 22 kutoka kwenye bawaba. Inapiga kama mara 4 kwa sekunde. Ikirushwa inakwenda mita chache, inainamisha pua na kutua, na kila mara inavutia kushoto. Kuongeza mpira kunaongeza makelele tu. Nikuze mkia au mabawa?

Upepo_Kusi:
Mkuu, mkia uache kwanza. Hiyo nailoni iliyokazwa ndiyo inayokuzuia.

Bawa la kupiga linainua na kusukuma kwa wakati mmoja, na msukumo mwingi unatoka nusu ya nje. Unapatikana kwa sababu bawa linajipinda: likishuka, ukingo wa mbele unatangulia chini na wa nyuma unabaki juu, hivyo nguvu ya hewa inaegemea mbele. Likipanda, linajipinda kinyume. Nailoni ikikazwa haijipindi. Hewa inapigwa juu na chini, mpira unaisha, chombo hakijaenda popote.

Tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Kasi ya ncha katikati ya pigo ni π mara idadi ya mapigo kwa sekunde, mara urefu wa njia ya ncha kutoka juu hadi chini. Chukua mapigo 3.5 na njia ya mita 0.18: unapata karibu mita 2 kwa sekunde. Chombo kikisonga mbele kwa mita 2.2 kwa sekunde, upepo unaifikia ncha kwa pembe ya digrii 42 hivi. Bawa bapa la aina hii likishapita digrii 12 hadi 15, hewa inaachana nalo na mnyanyuo unaporomoka. Kwa hiyo ncha inatakiwa ijipinde yenyewe karibu digrii 30, na kwenye shina isijipinde kabisa.

Bandua nailoni yote. Tafuta ile laini kabisa inayofunika suti kutoka kwa dobi. Ibandike ukiwa umesukuma vijiti vya mbele kama digrii 5 kuelekea puani, halafu virudishe mahali pake. Hapo inalegea kwa kiasi. Kisha weka ujiti wa mshazari, unene milimita 1, kutoka nyuma kwenye shina hadi theluthi mbili ya kijiti cha mbele. Pembetatu ya ndani inabaki imara na kuinua, ya nje inakuwa huru kujipinda na kusukuma. Ukizidisha ulegevu, nailoni inageuka mfuko na mnyanyuo unapotea, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo.

Kijiti cha mbele chenyewe kisilegee hata kidogo: milimita 2.5 kwenye shina, 1.5 kwenye ncha, na upande wa ganda la mwanzi usiuchonge, ndio wenye nguvu. Kabla ya kurusha, jaza mpira nusu, shika mwili kwa vidole viwili. Ukihisi unavutwa mbele, bawa limekubali. Ukihisi mtikisiko wa juu na chini tu, rudi kwenye nailoni.

Bawaba_Mbili:
Hapo juu pako sawa, ila gramu 18 zitakusumbua hata nailoni ikikaa vizuri. Eneo la mabawa yako ni kama sentimita mraba 400. Kwa uzito huo unahitaji karibu mita 3 kwa sekunde ili ubaki angani. Ukishuka hadi gramu 9, mita 2.2 zinatosha.

Hapo ndipo namba ya Strouhal inaposaidia: mapigo kwa sekunde mara njia ya ncha, gawanya kwa kasi ya kwenda mbele. Taylor, Nudds na Thomas walionyesha mwaka 2003 kwamba ndege, popo na wadudu wakiwa kwenye mwendo wa kawaida wanakaa kati ya 0.2 na 0.4. Krenki ya milimita 6 kwenye 22 inakupa jumla ya digrii 32, yaani njia ya sentimita 11 hivi. Kwa mapigo 4 na mita 3 kwa sekunde unapata 0.15. Uko chini ya mstari. Krenki ikiwa milimita 10, pembe inafika digrii 54 na njia sentimita 18. Mapigo yatashuka kidogo, tuseme 3.5, lakini kwa gramu 9 na mita 2.2 kwa sekunde unapata 0.29.

Mshale_Kaskazini:
Kuhusu kuvuta kushoto: huenda konrodi zote mbili zimeshika pini moja ya krenki. Ikiwa hivyo, bawa moja linatangulia jingine. Kunja waya upate mikono miwili, moja nyuma ya nyingine, zikipishana kwa pembe ileile iliyopo kati ya konrodi mbili zinapopanda kwenda kwenye mabawa.

Mwanzi40:
Nimewaelewa wakuu. Ila krenki ya milimita 10 si itaulemea mpira? Na je, nisiweke servo (mota ndogo inayogeuka kwa pembe unayoiamuru) ya kupinda bawa kama SmartBird, ndege-roboti ya kampuni ya Festo?

Upepo_Kusi:
SmartBird ya 2011 ina mabawa ya karibu mita 2, na uzito wake haufiki nusu kilo. Kwa ukubwa huo servo inabebeka. Kwa gramu 9, acha nailoni ifanye kazi hiyo.

Mpira utalemewa kweli. Usiurefushe, ongeza nyuzi. Nguvu ya kuzungusha inapanda haraka kuliko unene: nyuzi zikiwa mara mbili, nguvu inakuwa karibu mara 2.8, ila mizunguko kwa urefu uleule inapungua hadi kama asilimia 70, na uzito wa mpira unakuwa maradufu. Kwa hiyo punguza kwingine. Paka mafuta ya nyonyo au gliserini. Vaselini na mafuta ya mashine yanauozesha mpira asilia. Ukijaza, uvute kwanza hadi mara tatu ya urefu wake, zungusha hadi nusu ya mizunguko, kisha endelea ukisogea taratibu. Ukijaza bila kuvuta, mafundo yanarundikana upande mmoja na kitovu cha uzito kinahama.

Mkia uinue digrii 10 hivi. Pua ikiendelea kuinama, ongeza 2. Ikiinuka na kusita, rudisha 2.