Hii "It is widely accepted" inayojazwa kwenye ripoti za Kiingereza imenichosha

Wakuu, nimetoka kuhariri ripoti ya Kiingereza ya kurasa 40 na hasira haijaniisha. Ukurasa wa kwanza tu una "It is widely accepted that", "It is common knowledge that" na "Needless to say". Aya tatu, semi tatu, ushahidi hakuna.

Imekubalika na nani? Lini? Mwandishi hasemi. Anakufungia mlango kabla hujauliza, maana ukiuliza utaonekana ni wewe peke yako usiyejua kinachojulikana na wote. Huo ni ubabe, si hoja.

Na hicho "kinachokubalika" kimeumiza watu. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na asidi na msongo wa mawazo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliposema ni bakteria, wengi walikataa kuwasikiliza, hadi Marshall mwenyewe akanywa bakteria hao mwaka 1984 na akaugua tumbo kweli. Tuzo ya Nobel wakaipata 2005. Fikiria wagonjwa walioambiwa wapunguze mawazo wakati walihitaji antibiotiki!

Chanzo cha ugonjwa huu ni darasani. Unapewa orodha ya semi za kufungulia insha, unakariri, unabandika, unapata alama. Hakuna anayekuuliza unajuaje.

Kuna wanaojitetea kwamba hata mwandishi Mwingereza Jane Austen alifungua riwaya yake ya 1813 kwa "It is a truth universally acknowledged", yaani ni ukweli unaokubalika na wote. Jamani, someni sentensi mpaka mwisho! Austen anaicheka jamii iliyoamini kila tajiri asiye na mke lazima anatafuta mke. Ni dhihaka ile. Wewe unaichukua na kuifanya ushahidi kwenye ripoti?

Sipingi mtu kusema jambo kwa uhakika. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, liliandika mwaka 2021 "It is unequivocal", yaani haina shaka, kwamba binadamu amepasha joto hewa, bahari na nchi kavu. Lakini nyuma ya neno hilo kuna maelfu ya tafiti, na zimetajwa moja moja, mtu akitaka anazifuata. Na kama jambo kweli halina ubishi, liandike lilivyo. Maji safi huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Sentensi hiyo haihitaji "as everyone knows" mbele yake. "Needless to say" ndiyo sielewi kabisa: kama hakuna haja ya kusema, kwa nini umesema?

Ripoti nimeirudisha. Kila penye semi hizo nimeandika pembeni: nani? Mwandishi kanipigia akilalamika kwamba nimemharibia Kiingereza chake. Nimemwambia alete majina na miaka, la sivyo sentensi zote 23 zinafutwa.