Sifa ya Mercedes-Benz ilitoka wapi hasa? Nataka kununua, nimegawanyika

Kijana wa Kihonda ameuliza:

Wakuu, habari za majukumu.

Mjomba wangu amestaafu, anarudi kijijini Turiani, na Benzi yake ya mwaka 1990, ile 250 D ya dizeli, kizazi kinachoitwa W124, yuko tayari kuniachia kwa bei ya kifamilia. Wakati huohuo jamaa yangu wa kazini anauza E240 ya petroli ya 1999, kizazi kilichofuata, W210, yenye taa za duara. Viti vya ngozi, AC inagandisha, rangi inang'aa. Bei zao hazipishani sana.

Nyumbani hatuelewani. Baba anasema Benzi ni ile ya mjomba, za baadaye zimebaki nembo. Fundi anayenitengenezea Corolla anasema zote mbili nikae nazo mbali.

Nimekua nikisikia Benzi haifi. Lakini nikisoma mitandaoni nakuta watu wanalia kutu, nyaya na kompyuta. Je, sifa ile iliwahi kuwa ya kweli, au ni heshima ya wakubwa waliokuwa wakiziendesha? Naomba mwenye kujua historia yake anieleze, halafu nitaamua mwenyewe.

---

Mzigo Mwepesi amejibu:

Mkuu, tuliza moyo, kaa na Corolla yako. Benzi kuinunua ni rahisi, shughuli ni kuihudumia. Hapo Moro spea ya W124 dizeli utaifuata Dar kila mara.

---

Fundi Gerezani amejibu:

Mwanangu, baba yako yuko sahihi, ila maelezo yake yanahitaji nyama. Nimeanza kushika spana za Benzi mwaka 1983 nikiwa saidia fundi hapa mtaa wa Gerezani, Dar, na watoto wangu wamesomeshwa na gari hizi. Nitakueleza ninachokijua.

Sifa ya kutokufa ni sifa ya dizeli. Benzi walionyesha 260 D mwaka 1936, na hiyo inahesabiwa kati ya gari ndogo za kwanza kabisa za dizeli kutengenezwa kwa wingi. Walioipokea kwa mikono miwili ni madereva teksi wa Ujerumani, kwa sababu teksi inakula mafuta kutwa nzima. Baada ya vita wakaja na 170 D mwaka 1949, na kuanzia hapo kila kizazi kikawa na dizeli yake, mpaka ikafika W123 mwaka 1976. Hiyo W123 ilitengenezwa karibu milioni 2.7 kabla ya kufungwa mapema 1986. Mtu aliyepanda teksi Ujerumani, Ugiriki, Morocco au Lebanon miaka ile, kuna uwezekano mkubwa alikaa ndani yake.

Sasa fungua boneti ya 240 D, dizeli mojawapo ya hizo W123. Injini ya lita 2.4, silinda nne, nguvu za farasi 65 kwa zile za mwanzo. Haina mbio hata kidogo, mlima wa Kitonga utaupanda nyuma ya malori. Lakini injini yenyewe ni nzito na haijakamuliwa, haifanyi kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, ndiyo maana inadumu. Ina cheni badala ya mkanda. Pampu ya dizeli ni ya Bosch, ya mstari, kila silinda ina kipampu chake. Ikishawaka, inataka dizeli na hewa, basi. Umeme hauna kazi tena pale.

Ndiyo maana hata kuizima kunatumia vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Ukizima swichi na injini ikaendelea kunguruma, usiite watu. Kuna mpira wa vakyumu umechanika mahali, na mara nyingine utaukuta ndani ya mlango, mbali kabisa na injini, kwa sababu loki za milango zinatumia vakyumu ileile. Unafungua boneti, unabonyeza kile kiwiko kilichoandikwa STOP, injini inalala. Halafu unaufuata mpira mmoja mmoja mpaka uupate ulipochanika. Kazi ya namna hiyo kijana yeyote mwenye akili anajifunza bila mashine ya kupimia.

Kuna Mgiriki mmoja wa Thessaloniki, Gregorios Sachinidis, dereva teksi, 240 D yake ya 1976 ilifika kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 akaikabidhi kwa makumbusho ya Mercedes huko Stuttgart. Watu wanaisimulia kama muujiza wakasahau kwamba injini alikuwa anazibadilisha, inashushwa moja inapanda nyingine. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Bodi, chesisi, milango na sehemu za kufungia injini vilivumilia kilomita zote zile, na injini ikishuka nyingine inakaa palepale bila kulazimisha.

Kwa hiyo jibu la kwanza: ndiyo, ilikuwa kweli, na ilipatikana kwa jasho.

Kilichobadilika ni hiki. Kwa miaka mingi pale Stuttgart, makao makuu ya Benzi, wahandisi ndio walikuwa na neno la kwanza. Gari likishatimia kama walivyotaka, ndipo watu wa hesabu wanakaa kupanga bei. Mwaka 1989 Toyota wakapeleka Lexus LS 400 Marekani kwa dola 35,000, gari kimya, laini, isiyosumbua, kwa bei ya chini sana kuliko S-Class, ile Benzi kubwa ya kifahari. Benzi nao 1991 wakatoa S-Class mpya, W140, iliyochelewa na kugharimu kupita kiasi. Hapo mpangilio ukageuka: bei inatajwa kwanza, mhandisi anaambiwa atengeneze gari linaloingia humo. Mwaka 1995 akaja mkubwa mpya, Jürgen Schrempp, mwaka 1998 wakaungana na Chrysler ya Marekani, na ndoa hiyo ikavunjika 2007. Miaka hiyohiyo ndiyo ya zile gari wanazozililia mitandaoni.

Hata W124 yenyewe haikusalimika. Zile za petroli za mwishoni, kuanzia kama 1993 hadi 1995, nyaya za injini zilivishwa plastiki isiyostahimili joto. Ukiukunja waya, ganda linapukutika kama biskuti, shaba inabaki wazi, nyaya zinagusana na gari inaanza vituko visivyoeleweka. Ya mjomba wako ni ya 1990 na ni dizeli, hilo halikuhusu.

W210 tatizo lake kubwa ni bati. Injini ya hiyo E240, ile V6, ni nzuri, nasema bila kificho. Ina plagi mbili kwa kila silinda, yaani 12, usishtuke ukiambiwa ununue dazeni. Lakini kutu! Mbele, pale springi inapokaa juu, kuna kikombe kimechomelewa kwenye bodi. Maji yanaingia chini ya ile lami ya kuzibia, kutu inakula kimyakimya, na siku kikombe kikiachia, gari inaanguka upande mmoja. Jambo hili linajulikana dunia nzima. Rangi inayong'aa haikwambii chochote kuhusu hapo.

---

Mwalimu Zuhura amejibu:

Shikamoo Fundi, umenifundisha. Naomba niongeze upande wa historia, maana nadhani sifa ina mizizi mirefu kuliko dizeli.

Karl Benz alisajili gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, akiwa Mannheim. Lakini watu hawakulinunua. Aliyeonyesha kwamba kitu kile kinaweza kusafiri ni mkewe, Bertha, mwezi Agosti 1888. Alichukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaenda hadi Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100, kwenye barabara za magari ya farasi. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipolika, akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Ninapowasimulia wanafunzi wangu, wasichana wa nyuma kabisa huinua vichwa. Yule mama alikuwa fundi wa barabarani kabla dunia haijawa na mafundi wa magari.

Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa na kampuni yao tofauti karibu na Stuttgart. Jina Mercedes ni la binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyeishi Nice, Ufaransa. Mwaka 1900 aliagiza gari 36 kwa mpigo, na zile za 1901 alizozipa jina la bintiye zikatamba kwenye mashindano ya Nice. Kampuni mbili hizo ziliungana 1926.

Halafu kuna sehemu ambayo wapenzi wa Benzi hawaipendi, na mimi siwezi kuiruka. Hitler na wakubwa wake waliendeshwa ndani ya Mercedes. Wakati wa vita Daimler-Benz ilitengeneza malori na injini za ndege za kijeshi, na kufikia 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake wapatao 63,000 walikuwa watu waliolazimishwa: raia walioletwa kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe inakiri hivyo leo. Mwaka 2000 serikali ya Ujerumani na makampuni, Daimler ikiwemo, walianzisha mfuko wa marki bilioni 10 wa kuwalipa waliotumikishwa. Wengi walikuwa wameshakufa.

Na kwetu, sifa ilichanganyika na cheo mapema. Miaka ya 60 wananchi walishawaita wakubwa wapya "wabenzi", na haikuwa kwa kuwapongeza. Azimio la Arusha mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Kwa hiyo ukiuliza kama heshima ni ya gari au ya waliomo ndani, hapa kwetu vyote viwili vililelewa pamoja.

---

Fundi Gerezani amejibu:

Marahaba, Mwalimu. Hayo ya vita nilikuwa nayajua nusunusu. Ni vizuri vijana wayasome hapahapa penye sifa. Sitaki mtu aipende Benzi kwa kufumba macho.

Mimi naongeza moja kwenye upande wa heshima. Alikuwepo mhandisi wao, Béla Barényi, aliyefikiri kinyume na wenzake: sehemu ya mbele na nyuma ya gari zikubali kubonyea ili zimeze pigo, na kile chumba cha abiria kibaki kigumu. Gari ya kwanza waliyoijenga hivyo ilitoka 1959. Mwaka 1978 wakaweka ABS, breki zinazozuia magurudumu kujifunga, waliyoitengeneza pamoja na Bosch kwenye S-Class, na 1981 mfuko wa hewa wa dereva. Leo hata hiyo Corolla ya kijana wetu imejengwa kwa fikra za Barényi.

---

Mvita 001 amejibu:

Hapa Kenya gari ikishapita miaka minane haiingii bandarini, kwa hivyo W124 zilizopo ni hizi hizi tunazoziona, haziongezeki. Ukipata moja ya mwenyewe mmoja, yenye bodi safi, shika sana. Injini utaitengeneza, bodi iliyooza ni hasara ya milele. Hapa Mombasa chumvi ya bahari inamaliza mabati, kwa hiyo ya Morogoro ina afadhali.

---

Kijana wa Kihonda amejibu:

Nawashukuru sana wote, hasa Fundi na Mwalimu. Jumamosi naenda kwa mjomba. Fundi, nikifika nianzie wapi? Gari haijatembea sana mwaka huu, inawashwa tu na kuzimwa.

---

Fundi Gerezani amejibu:

Mpigie mjomba leo, kwa adabu, umwombe asiiwashe kabla hujafika. Dizeli inapimwa ikiwa baridi. Ikishapashwa moto inaficha mambo mengi.

Ukifika, geuza swichi hatua moja, subiri taa ya kupasha izimike, ndipo upige stata. Injini ile ina silinda tano, kwa hiyo mlio wake wa silensa hautafanana na unaouzoea. Ikitetemeka sana dakika ya kwanza na kutoa moshi mweupe halafu ikatulia, huenda ni plagi moja ya kupasha imekufa, kitu cha kawaida. Moshi wa bluu usioisha ni oili inaungua, hapo anza kuhesabu gharama za kushusha injini.

Ikiwa inaunguruma taratibu, fungua mfuniko wa kuwekea oili, uugeuze juu chini, uuache umekaa palepale kwenye tundu bila kuufunga. Mfuniko ukikaa au ukichezacheza kidogo, ringi za pistoni bado zinashika. Ukirushwa, mgandamizo unapenya kwenda chini, ringi zimechoka. Shika kitambaa mkononi, oili ya dizeli haitoki kwenye shati.

Halafu lala chini. Kwenye sehemu nne za kuingizia jeki kuna vifuniko vya plastiki ubavuni, vitoe, ingiza kidole. Ukipata unga wa kahawia, gonga kwa mpini wa bisibisi usikie bati limebaki kiasi gani. Inua trei ya betri uangalie chini yake. Inua na makapeti ya mbele, ukikuta maji mwambie mjomba ukweli mzungumze bei upya.

Kwa kuwa haijatembea, dizeli iliyomo kwenye tangi mimina nje, badilisha filta zote mbili za dizeli, ile ndogo ya plastiki inayoonekana ndani na ile kubwa ya kopo. Mipira midogo ya kurudishia dizeli kwenye nozeli itakuwa imekauka, ni ya bei ndogo, weka mipya yote. Usiipeleke Turiani wala Dar kabla ya hayo. Na ukimaliza kuikagua, andika hapa ulichokikuta chini ya vile vifuniko, tutaongea kuhusu bei.