Orodha mpya ya reitingi imetoka katikati ya mashindano ya klabu. Raundi ya 4 niipange kwa ipi?

MpangaMeza: Wakuu, naombeni ushauri kabla ya Alhamisi. Naendesha mashindano ya chesi ya klabu, mfumo wa Uswisi (kila raundi wenye pointi sawa wanakutanishwa), raundi 7, raundi moja kila wiki, wachezaji 22. Tumemaliza raundi 3. Tarehe 1 FIDE, shirikisho la chesi duniani, wametoa orodha mpya ya reitingi (namba za uwezo wa wachezaji) kama ilivyo kila mwezi, na wapo waliopanda. Nitumie reitingi mpya au niendelee na zile za siku tuliyoanza? Usingizi umenipaa.

Kitunda Pweke: Mpya. Vijana wanapanda kila mwezi. Ukiwaacha na namba za zamani unawapa wakubwa mpinzani asiye saizi anayoonyesha kwenye karatasi.

Mzee wa Sare: Umenikumbusha tarehe 1 Machi 2024, FIDE walipowanyanyua wote waliokuwa chini ya 2000. Nililala na 1500, nikaamka na 1700, sijagusa hata kete. Tulikuwa katikati ya mashindano ya klabu na mwandaaji akaingiza namba mpya. Sisi wenye reitingi ya FIDE hakuna aliyempita mwenzake, maana kila mtu aliongezewa asilimia 40 ya kilichombakia kufika 2000. Lakini wanne walikuwa na reitingi ya klabu tu. Hao walibaki palepale, wakaangukia mkiani. Mmoja hakurudi tena. Alikuwa akiandika hatua zake kwa mwandiko mzuri kuliko sote.

Bint Ubao: Mleta uzi, unakosa usingizi kwa ajili ya orodha? Aliyepanda ni nani hasa?

MpangaMeza: Wapo kadhaa. Mmoja kapanda 190, toka 1520 hadi 1710, kwenye mashindano ya likizo ya michezo mitano. Kundi la pointi 2 lina watu 8, na nusu ya juu kwa reitingi inacheza na nusu ya chini: wa 1 na wa 5, hadi wa 4 na wa 8. Kwa orodha ya mwanzo yeye ni wa 5, kwa hiyo anakutana na wa 1, mwenye 1930. Kwa orodha mpya anakuwa wa 4 na anacheza na wa 8.

Bint Ubao: Na huyo ni nani kwako?

MpangaMeza: Ni mwanangu, ana miaka 13. Ila tusiliangalie hivyo, amepanda kwa jasho lake. Karatasi ya raundi ya 4 nimeshaichapa kwa namba mpya, bado kubandika tu.

Kitunda Pweke: Aisee. Mimi nilijibu nikidhani unauliza.

Farasi Mweusi: Hii ni chai. K ya mtoto, yaani namba inayozidishwa na pointi alizopata juu ya matarajio, ni 40. Hata ashinde michezo yote mitano dhidi ya vigogo, tofauti ya reitingi na mpinzani inahesabiwa mwisho 400, kwa hiyo kila ushindi haumpi zaidi ya 36.8. Mara tano ni 184. Hiyo 190 imetoka wapi?

MpangaMeza: Sio chai mkuu, nimeandika kwa haraka. Mashindano yalikuwa mawili ndani ya mwezi mmoja, jumla michezo 11. Alipata pointi 8.5 na wapinzani wake walikuwa na wastani wa 1637.

Farasi Mweusi: Alitarajiwa pointi 3.74. Amezidisha 4.76, mara 40 ni 190. Hapo sawa, nakuomba radhi. Na dogo anajua kucheza.

Mwamuzi Mstaafu: Kanuni za FIDE za mfumo wa Uswisi zinaruhusu kurekebisha taarifa zilizokosewa, na raundi ya 4 ikishapangwa namba za upangaji (nafasi ya kila mchezaji kwenye orodha ya kuanzia) hazibadilishwi tena. Wengi wanaisoma vibaya. Kosa ni kuandika 1250 badala ya 1520. Ya mwanao haikukosewa, siku ya raundi ya kwanza reitingi yake ilikuwa 1520. Mtoto akiwa na nguvu kuliko namba yake atashinda, na pointi zenyewe zitampeleka kwa wakubwa. Hesabu ya kupanda na kushuka kwa reitingi mnaweza kuifanya kwa orodha ya mwezi husika, hilo ni jambo lingine kabisa. Upangaji ulioanza na orodha moja umalizwe na hiyohiyo, labda kama mlitangaza vinginevyo kabla ya raundi ya kwanza. Mlitangaza?

MpangaMeza: Hapana. Lakini hatukukataza pia. Klabu ni yetu, kanuni tunatunga wenyewe.

Mwamuzi Mstaafu: Mtatunga kabla ya mashindano yajayo. Sasa niambie, aliyekuwa wa 4 anaenda wapi?

MpangaMeza: Anakuwa wa 5. Anakutana na 1930.

Bint Ubao: Ni nani?

MpangaMeza: Ni dada mmoja mwenye 1680. Kila Alhamisi anafika mapema, ananisaidia kupanga kete na kuweka saa. Hajawahi kuniuliza atacheza na nani.

Mzee wa Sare: Yule wa kwetu aliyeondoka naye ndiye alikuwa anapanga kete.

Kitunda Pweke: Nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Ila mashindano yajayo muandike kabisa kwamba orodha ya tarehe fulani itatumika hadi raundi ya mwisho.

MpangaMeza: Nimerudisha reitingi za mwanzo na kuchapa upya. Kijana anacheza kete nyeusi dhidi ya 1930, meza ya 3. Yule dada anacheza na wa 8. Karatasi nitampa mwamuzi msaidizi aibandike yeye, na upangaji wa raundi zilizobaki nimemwachia.