Tupeane uzoefu: umewahi kufungwa na mkataba usihame kazi?

Wakuu, naomba tulizungumze hili kwa uwazi, maana limenikaa rohoni muda mrefu.

Nilikuwa napanga safari za malori kwenye kampuni moja ya usafirishaji: lori lipi lipakie wapi, dereva gani apumzike lini. Kwenye mkataba wangu, ukurasa wa saba, kulikuwa na mistari mitatu: nikiacha kazi, nisiajiriwe na kampuni yoyote ya usafirishaji kwa miezi 18. Niliusaini siku ya kwanza, nimesimama pale mapokezi, dada wa utawala kaninyooshea kalamu ananisubiri. Nakala sikupewa.

Mwaka wa tatu nikapata kazi pengine, mshahara mzuri na siku mbili za mapumziko. Nikapiga simu kuikataa, kwa sababu bosi alikuwa ameshaniambia, "Ukienda huko tutakutana mahakamani." Nikakaa miaka miwili zaidi kwa woga tu. Baadaye ndugu yangu mmoja mwanasheria akaniuliza: hiyo miezi 18 wangekulipa nini? Hakuna. Akaniambia Ujerumani mwajiri anayetaka kukuzuia hivyo sharti akulipe angalau nusu ya mapato yako kwa muda wote wa zuio, na zuio lisizidi miaka miwili. California nako sheria inayobatilisha vipengele vya aina hii ipo tangu 1872. Kila nchi na yake, lakini iliniuma kwamba miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mtu yeyote.

Wewe yalikukuta yapi?

Nesi wa zamu
Pole sana mkuu. Mimi ilikuwa mafunzo. Hospitali ilinipeleka kozi ya wiki sita, nikasaini kuitumikia miaka mitatu au nirudishe gharama. Mwaka wa pili mama akaugua, ikabidi nihamie karibu naye. Wakanidai gharama yote, kana kwamba ile miezi 20 niliyokesha wodini haikuwepo.

Nikaomba mchanganuo kwa maandishi. Ulipokuja nilikaa nao mezani na kikokotoo: ada ya kozi ilikuwa chini ya nusu. Kilichobaki ni mshahara wangu mwenyewe wa zile wiki sita, na "usimamizi". Nikawaandikia kwamba nitalipa ada peke yake, tena nikiondoa miezi niliyotumikia. Barua tatu zilikwenda na kurudi, mwisho wakakubali. Dada zangu mnaopelekwa kozi, hakikisheni mkataba unasema deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi.

Mlinzi mstaafu
Nyie mna ukurasa wa saba. Mimi nilikuwa Qatar miaka ile ambayo huwezi kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya uliyenaye. Nilipata nafasi ya udereva, leseni ninayo, nikaenda kuomba barua. Akafungua droo, nikaiona paspoti yangu imefungwa raba pamoja na za wenzangu, akaifunga tena. Hakusema neno. Sharti hilo la barua liliondolewa mwaka 2020, nami nilikuwa nimesharudi nyumbani kuanza upya. Wanaokwenda sasa wajue sheria imebadilika, wasikubali kutishwa kwa mambo ya zamani.

Mwenye saluni
Naomba na mwajiri nisikike. Nilimfundisha binti kazi kuanzia kushika kitana. Alipoondoka aliondoka na daftari la namba za wateja. Niliumia, na tangu hapo mikataba yangu ina zuio la mwaka mzima.

Mpanga Ratiba
Dada, daftari ni lako na una haki ya kulilinda. Liandike hivyo hivyo: orodha ya wateja ni mali ya saluni. Lakini kusuka ni mikono yake, atakula nini mwaka mzima? Ugomvi huu ni wa zamani mno. Mwaka 1414 huko Uingereza fundi wa kutia nguo rangi alishtakiwa kwa kufanya kazi yake katika mji aliokuwa ameahidi kutoifanya kwa nusu mwaka, na jaji alimkasirikia mdai waziwazi. Nusu mwaka tu ile.

Mwenye saluni
Hapo kwenye daftari nimekuelewa. La mwaka mzima niache nilifikirie.

Mhasibu
Mimi niliomba kipengele cha zuio kifutwe kabla ya kusaini. Wakakifuta kwa kalamu, tukatia sahihi pembeni wote wawili. Haikuchukua hata dakika tano.

Mgeni hapa
Wakuu, nina mkataba mkononi na natakiwa kuusaini kesho asubuhi. Umeandikwa "kampuni yoyote yenye shughuli zinazofanana, mahali popote, miaka miwili". Mimi ni fundi wa kutengeneza simu. Nikiuliza si watampa mwingine?

Nesi wa zamu
Inawezekana, sitakudanganya. Uliza kwa upole: waandike eneo gani, shughuli ipi hasa, na watakulipa nini kwa muda huo. Omba na nakala ukasome nyumbani.

Mgeni hapa
Nimewatumia ujumbe sasa hivi. Umeshasomwa, hawajajibu.