Tupeane uzoefu: ni nini hukukalisha ukitazama watu wakipigana?

Mkaazi wa Donholm
Wadau, mimi na shemeji yangu tumebishana tangu wikendi. Yeye anasema mtu anayefurahia filamu za kukatana mapanga ana kasoro ya huruma. Mimi nasema asiye na huruma hata hiyo filamu ingemchosha, maana hatajali nani anapigwa na nani anapona. Ukimwona mtu amekaa ukingoni mwa kiti, anauma kucha, anamfokea steringi "nyuma yako, nyuma yako!", huyo huruma anayo tele. Ila ameimwaga yote upande mmoja. Swali langu ni nani aliyempangia huo upande.

Leteni yenu. Mahubiri sitaki, na "vijana wa siku hizi" pia sitaki. Ulitazama nini, wapi, ukajisikiaje. Filamu, ndondi, vurugu za mtaani, klipu za simu, vyote ruksa. Picha za maiti mkiweka nitazifuta.

Nianze mimi. Nimekulia Dandora, na kulikuwa na kibanda cha video pale: mabati matupu, madirisha yamezibwa kwa magunia, benchi zisizo na mgongo, televisheni ya Great Wall juu ya kreti za soda. Filamu zilikuwa za Kichina na Kichina hakuna aliyekijua, kwa hiyo kila mtu alichagua mbabe wake. Baadaye zikaja zile za DJ Afro, za kusimuliwa kwa Kiswahili chetu cha mtaani, na kibanda kikabadilika. Msimulizi akishampa mtu jina la kuchekesha na kukuonyesha ubaya wake mapema, akikatwa shingo kibanda kizima kinasimama kwa shangwe. Akiuawa mdogo wake steringi, kimya kabisa, na wengine wanajifuta macho wakisingizia moshi wa anayechoma mahindi nje. Watu walewale, jioni ileile.

Makanga wa 58
Mimi gari langu lina skrini mbele na nyuma. Nikiweka filamu ya ngumi, jam ya Jogoo Road hailalamikiwi na mtu. Wamama, wanafunzi, wazee wa kanisa, macho yote juu, hata chenji wanasahau kuuliza (sisi hatuna ubaya na hilo).

Lakini juzi makanga wawili walishikana stejini, mambo ya foleni. Madirisha yote yakafunguliwa, simu zikatoka. Buda, ngumi ya kweli haina mlio! Ni watu wawili wanasukumana wakihema, shati ya mmoja imemkwama kichwani, mwingine ameng'ang'ania mfuko wa jaketi yake kwa sababu mna pesa za tajiri. Halafu yule wa shati akaanza kulia. Simu zikashuka moja moja. Kuna abiria nilimsikia akisema, "Kumbe ni hii tu?"

Fundi wa Sauti
Makanga umesema kweli. Mlio wa ngumi kwenye filamu hutengenezwa studio baadaye. Ule mfupa unaovunjika ukakuchoma mpaka kwenye meno, mara nyingi ni seleri mbichi inakunjwa mbele ya maikrofoni. Mnashangilia mboga.

Nesi wa Zamu
Nafanya kazi idara ya majeruhi, hospitali sitaitaja. Filamu haina harufu, na hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mgeni wa idara yetu hugundua.

Hata hivyo mume wangu anapenda filamu za risasi na mimi nakaa naye vizuri tu. Damu ya kwenye televisheni hainisumbui. Kinachoniudhi ni mtu kupigwa chupa ya kichwa, azimie, azinduke, ajipanguse vumbi halafu aendelee kutongoza. Mimi pale kwenye kochi nagomba: huyo apigwe picha ya ubongo sasa hivi! Watoto wamenizoea. Klipu za kweli za WhatsApp sifungui, na wala si utakatifu. Nikifungua, mikono inaanza kutafuta glavu.

Lakini nijibu swali la mwenye mada, la nani hupanga upande. Kuna usiku aliyekatwa na aliyekata huletwa wote, kitanda na kitanda, pazia katikati. Majirani waliowaleta hawaishi kuninong'oneza, "Sista, huyu wa huku ndiye mwizi." Nilipokuwa mgeni kazini, nikisikia hivyo mkono ulikuwa unabadilika uzito. Nashona, ndiyo, ila ganzi sikusubiri ishike vizuri kama kwa yule mwingine. Hakuna aliyenifundisha hivyo, ni sentensi moja tu ya jirani. Siku hizi nawaambia hadithi waniletee nikimaliza kushona.

Msomi wa Ngara
Sista, hilo la mkono kubadilika uzito limepimwa. Mwaka 2006 Tania Singer na wenzake London walichapisha utafiti wao: watu walicheza mchezo wa pesa na wenzao, baadhi ya hao wenzao waaminifu, baadhi matapeli (walikuwa waigizaji, lakini wachezaji hawakujua). Kisha kila mmoja akalazwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, akionyeshwa wale wawili wakiumizwa mkono kwa umeme. Mwaminifu alipoumizwa, ubongo wa mtazamaji, mwanamume kwa mwanamke, ulijibu katika sehemu zinazohusika na maumivu yenyewe. Alipoumizwa tapeli, kwa wanaume mwitikio huo ulishuka sana, na zikawaka sehemu zinazohusishwa na zawadi, zile za kufurahia kupata kitu. Na aliyesema ana hamu zaidi ya kulipiza kisasi ndiye zilimwaka zaidi. Kwa wanawake huruma haikushuka hivyo.

Msinirukie: walikuwa watu 32 tu, nusu wanaume. Na adhabu ilikuwa ya mwili. Pengine ingekuwa ya kunyang'anywa pesa au kuaibishwa hadharani, matokeo yangekuwa mengine.

Mama Mboga Kayole
Ya kuaibishwa hadharani niitieni mimi na wenzangu wa chama, mtaona zikiwaka.

Sasa niseme yangu. Jioni, watu wanashuka matatu, nikasikia "mwizi! mwizi!" kutoka upande wa soko. Mnajua ile sauti, mtaa mzima unahama. Kijana mmoja akatoka mbio kwa kinyozi, kitambaa cha kunyolea bado shingoni, kichwa upande mmoja kimeisha na upande mwingine bado, ameshika jiwe. Nikamuuliza, "Ameiba nini?" Akanijibu, "Sijui mama, wacha tufike kwanza." Na alikuwa anatabasamu. Si tabasamu la ubaya. Ni lile la mtoto akisikia ngoma inapita.

Nikafuata, siwadanganyi, miguu ilinipeleka yenyewe. Walikuwa wamemzunguka na mtu ameshaulizia tairi. Yule muuza gesi wa kona akachungulia juu ya mabega ya watu akasema kwa sauti, "Huyu si wa Mama Chapati, ploti ya kijani?" Basi. Mawe hayakuanguka palepale kama kwenye sinema, hapana. Ila walio nyuma wakaanza kuulizana: Mama Chapati yupi? Wa karibu na msikiti? Yule wa deni? Mtu akasema huyo mama alimkopesha unga. Utamu ukakatika. Wakampeleka kituo cha polisi akiwa amevimba jicho na amepoteza kiatu, lakini anatembea.

Yule wa kinyozi alirudi kumaliziwa nusu ya kichwa, akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawana msimamo.

Mkaazi wa Donholm
Mama Mboga, nimesoma hiyo kwa sauti nyumbani na shemeji amenyamaza. Muuza gesi hakusema "muache". Hakusema hata kwamba hakuiba. Alimpa tu mama. Na umati ambao haukutaka kujua kosa ni nini ukaanza kubishana kuhusu chapati.

Katekista Kariobangi
Kuhusu miguu kujipeleka. Mtakatifu Augustino anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyekuwa Roma kusomea sheria. Alichukia kabisa yale mapigano ya gladieta. Wenzake wakamkokota hadi uwanjani, akawaambia: mwili wangu mtaukalisha hapa, macho na roho hamtavipata. Akafumba macho kweli. Kumbe masikio aliyaacha wazi. Mmoja akaanguka, uwanja ukanguruma, Alipio akafumbua macho "aone tu", na kuanzia siku hiyo akawa yeye ndiye anayewavuta wengine. Hakushindwa na damu, maana alikuwa hajaiona. Alishindwa na kelele za watu. Baadaye akawa askofu, msikate tamaa.

Sipendi Unafiki
Mnaongea kana kwamba kila anayetazama ana upande. Mimi napenda filamu za kutisha, zile za msumeno, na sina upande wowote, nusu ya wahusika hata majina siwajui. Natazama peke yangu, taa zimezimwa, mto kifuani. Nataka ule moyo unaokimbia, halafu nikumbuke niko South C, mlango umefungwa, na chai iko kwa thamosi. Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ameandika kuhusu hili: binadamu hujifunza kufurahia kile mwili unachokikataa, akishajua hakuna hatari yoyote, na akaanzia kwa pilipili. Mnakula pilipili mkilia makamasi na hakuna anayeuliza huruma yenu iko wapi.

Ila kweli nina mpaka. Mbwa akiumizwa, nazima.

Nesi wa Zamu
Binadamu kwa msumeno sawa, mbwa hapana. Haya.

Wa Riverside
Yangu ni fupi na sina utani. Januari 15, 2019 nilikuwa jengo la jirani na DusitD2, ile hoteli ya Nairobi, siku ilipovamiwa na magaidi. Watu 21 waliuawa. Kabla hatujatolewa picha zilikuwa zimeshaingia kwenye magrupu, na nyingine nilitumiwa na watu waliokuwa wakiniuliza kama niko salama. Maneno "uko salama?" na chini yake maiti.

Kisha New York Times, gazeti la Marekani, wakachapisha picha ya waliouawa wakiwa pale mezani. Mnakumbuka Wakenya walivyowaka. Baraza la Vyombo vya Habari likalitaka gazeti liiondoe. Hoja ya watu ilikuwa moja: wafu wa kwenu mngewaonyesha hivi? Nami nilipiga kelele hizohizo na bado nasimama nazo. Lakini kundi la watu wa kwetu lililokuwa linalia na gazeti, juma hilohilo lilikuwa linarushiana klipu ya vita vya nchi ya mbali, na vikatuni vya kucheka chini yake. Nilitoka kwenye hilo kundi. Sikuaga.

Mzee wa Majengo
Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wazee walishamaliza hayo kabla ya hizo mashine za kupiga picha ubongo.

Msomi wa Ngara
Shikamoo mzee. Methali imesema kwamba ni mchungu. Haikusema kwa nini anayeurusha huwa anacheka.

Mzee wa Majengo
Marahaba. Umri ukifika utajua.

Mwana wa Shinyalu, Kangemi
Nimesoma yote na kwetu hayakai hivyo. Mwenye mada anasema furaha huja mtu akishapangiwa upande wa kuchukia. Njoo Kakamega asubuhi ya mapigano ya fahali. Mnaamka gizani, ngoma za isukuti zinalia, fahali anatembezwa barabarani akizungukwa na vijana wenye matawi wanaimba sifa zake. Mnafika uwanjani, fahali wawili wanafungana pembe, vumbi, watu mnasukumana hadi mnasahau kwamba hapo hakuna uzio. Anayechoka anageuka na kukimbia, na mapigano yameisha. Hakuna anayetaka yule mwingine afe, hata upande ulioshinda. Upande tunao, wa kijiji hasa, lakini fahali wa wenzetu hatumchukii. Tunamsifu! Akiwa mkali sana tunamsifu zaidi, ili wetu akishinda iwe ameshinda kitu.

Mkaazi wa Donholm
Hiyo naiweka pembeni niifikirie, maana shemeji ameshaanza kucheka. Na aliyekimbia anapelekwa wapi?

Mwana wa Shinyalu, Kangemi
Inategemea. Wengine hupumzishwa wakarudi. Wa baba mdogo alikuwa ameshindwa tena na tena, akauzwa kwa bucha pale sokoni. Jioni baba mdogo akaja na nyama ya fahali huyohuyo.

Mkaazi wa Donholm
Mkala?

Mwana wa Shinyalu, Kangemi
Tulikula. Aliyekataa ni binamu yangu peke yake, na uwanjani ndiye aliyekuwa akipiga kelele kutushinda sote.